Picha za uchi: Ni nani huamua iwapo ni sanaa au uchafu?

JUMAMOSI ya Aprili 7, 1990, Kituo cha Sanaa za Kisasa mjini Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, kilifungua milango ili umma utazame picha 175 za mpigapicha Robert Mapplethorpe. Miongoni mwa waliopiga foleni asubuhi hiyo walikuwemo watu tisa ambao hawakuwa wapenzi wa sanaa. Walikuwa wanachama wa baraza la mashtaka, yaani raia wanaoitwa na serikali kuamua iwapo kuna sababu ya kutosha ya kumfikisha mtu kizimbani.

Waliingia, wakatazama, wakaondoka. Kabla ya jioni kituo hicho na mkurugenzi wake, Dennis Barrie, walikuwa wameshashtakiwa. Polisi walifika alasiri, wakawaamuru mamia ya watazamaji watoke, wakafunga milango na kuzirekodi picha kwa kamera ya video ili ziwe ushahidi. Nje, umati ulikuwa ukiwazomea.

Haikuwa imewahi kutokea nchini Marekani kwa jumba la sanaa na mkuu wake kushtakiwa kwa kosa la uchafu kwa sababu ya kazi zilizotundikwa ukutani. Kesi iliyofuata ndiyo mfano bora ninaoujua wa swali ambalo huzuka kila picha ya mtu aliye uchi inapotolewa hadharani, iwe New York, Johannesburg au Nairobi: picha kama hiyo huacha lini kuwa sanaa ikawa ponografia?

Wengi wetu hudhani jibu limo ndani ya picha yenyewe. Kwamba mtu mwenye akili timamu akiitazama atajua. Mnamo 1964, Jaji Potter Stewart wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikiri kwamba pengine asingeweza kamwe kueleza barabara maana ya ponografia, ila akasema huijua akiiona. Kauli hiyo imerudiwa mno hata wengi wamesahau ilikotoka. Ilitoka katika kesi ya msimamizi wa jumba la sinema, papo hapo Ohio, aliyekuwa ametozwa faini kwa kuonyesha filamu ya Kifaransa, na jaji huyo aliitoa akieleza kwamba filamu hiyo haikuwa ponografia.

Ubaya wa kipimo cha jicho ni kwamba macho hayafanani. Lilionalo jicho la mchungaji wa kanisa silo lilionalo jicho la daktari, wala la kijana wa miaka 17.

Mapplethorpe alizaliwa 1946 mtaani Queens, New York, katika familia ya Kikatoliki. Picha zake nyingi ni za rangi nyeupe na nyeusi, na unadhifu wake ni wa ajabu: maua, sanamu, nyuso za wasanii mashuhuri, miili ya wanaume na wanawake. Ua la yungiyungi alilipiga picha kwa uangalifu ule ule aliompigia mtu aliye uchi, na pana watazamaji ambao hudai kuwa maua yake ndiyo yenye ashiki zaidi.

Lakini mwishoni mwa miaka ya sabini alipiga pia picha za wanaume waliokuwa katika vitendo vya ngono vinavyochanganya raha na maumivu, katika duru za siri za New York ambazo yeye mwenyewe alikuwa mshiriki wake. Picha 13 za aina hiyo alizikusanya 1978 katika mkoba alioupa jina la herufi X. Mkoba wa Y ulikuwa wa maua, na wa Z, uliotoka 1981, ulikuwa wa wanaume weusi. Zile za X si picha ambazo gazeti lingeweza kuzichapisha, wala sitazieleza hapa kwa undani. Inatosha kusema kwamba hata watetezi wake wakubwa hawakuwahi kudai kuwa ni rahisi kuzitazama.

Alifariki dunia Machi 9, 1989, kwa maradhi ya Ukimwi, akiwa na umri wa miaka 42. Wakati huo maonyesho yake yaliyoitwa "The Perfect Moment" yalikuwa yakizunguka kutoka mji hadi mji. Yalikuwa yameandaliwa na Taasisi ya Sanaa za Kisasa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa msaada wa dola 30,000 kutoka Hazina ya Taifa ya Sanaa, ambayo ni fedha za mlipakodi.

Kodi hiyo ndiyo iliyowasha moto. Seneta Jesse Helms wa North Carolina aliuliza kwa nini mlipakodi alazimishwe kugharamia kazi kama hizo. Mnamo Juni 1989, jumba la sanaa la Corcoran mjini Washington liliingiwa na hofu na kufutilia mbali maonyesho hayo kabla hayajafunguliwa. Usiku wa Juni 30 waandamanaji walikusanyika nje ya jumba hilo na kuzimulika picha za Mapplethorpe kwa taa kwenye ukuta wake, zikawa kubwa kama nyumba.

Swali la kodi ni halali kabisa, nami simlaumu mtu anayeliuliza. Ila ni swali la bajeti. Lilipofika Cincinnati lilikuwa limegeuka swali la jela: Barrie alikabiliwa na uwezekano wa kifungo cha mwaka mmoja.

Vipimo vitatu

Ili kuelewa kilichotendeka mahakamani, ni sharti kuijua sheria iliyotumika. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1973 katika kesi ya Miller dhidi ya jimbo la California, picha haiwezi kuhukumiwa kuwa chafu nchini Marekani mpaka ishindwe katika vipimo vitatu kwa pamoja.

Kipimo cha kwanza ni iwapo mtu wa kawaida, akifuata maadili ya jamii yake, angeona kwamba kazi hiyo kwa ujumla wake inakusudia kuchochea ashiki. Cha pili ni iwapo inaonyesha tendo la ngono kwa namna ya kuchukiza waziwazi. Cha tatu ni iwapo, kwa ujumla wake, haina thamani yoyote ya maana kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi.

Maneno "kwa ujumla wake" ndiyo yaliyozua vita vya kwanza. Mashtaka yalihusu picha saba tu kati ya 175: tano za mkoba wa X, na mbili za watoto wadogo ambazo zilishtakiwa chini ya sheria nyingine. Mawakili wa utetezi walitaka waamuzi wayatazame maonyesho yote, maua na nyuso pamoja na yaliyosalia, kwani hivyo ndivyo mtazamaji alivyokutana nayo. Hakimu David Albanese alikataa. Aliamua kwamba kila picha ni kitu kizima peke yake, kwa hiyo zile 168 hazingezingatiwa.

Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa kuonea, na ni mtego ambao sote hunaswa nao. Ng'oa ukurasa mmoja kutoka kitabu cha ukunga ukauzungushe sokoni. Utaonekana kuwa uchafu. Urudishe kitabuni, ni elimu. Picha haizungumzi peke yake. Huzungumza pamoja na zilizo kando yake, na maelezo yaliyo chini yake, na mlango ulioingilia ili kuifikia.

Mlango wenyewe wa Cincinnati ulikuwa umepangwa kwa makini. Waliokuwa chini ya umri wa miaka 18 hawakuruhusiwa kuingia. Picha za X hazikutundikwa ukutani bali zililazwa juu ya meza iliyoinama, zikiwa ndogo, hivi kwamba aliyetaka kuziona alilazimika kuikaribia meza hiyo kwa hiari yake na kuinamia. Asiyetaka angepita.

Waamuzi walioteuliwa kusikiliza kesi walikuwa wanane: wanaume wanne na wanawake wanne. Hawakuwa watu wa sanaa, na wengi wao hawakuwa na mazoea ya kuzuru majumba ya maonyesho. Upande wa mashtaka ulilifurahia jambo hilo. Uliamini kwamba watu wa kawaida wakiwekewa picha tano mbele yao hawatahitaji maelezo zaidi, basi ukawaita polisi waeleze walichokiona siku ile, ukaziwasilisha picha, ukafunga ushahidi wake.

Utetezi nao ukaleta wataalamu. Janet Kardon, aliyeyaandaa maonyesho hayo, alizichambua picha moja baada ya nyingine: mistari inavyokutana, mwanga unavyoangukia ngozi, mkono ulivyo katikati kabisa ya fremu. Robert Sobieszek wa makumbusho ya upigaji picha ya George Eastman House aliifananisha safari ya Mapplethorpe katika nafsi yake na ile ya mchoraji Van Gogh, aliyejichora akiwa na sikio lililofungwa bendeji baada ya kujijeruhi.

Nikiusoma ushahidi huo leo hujikuta nikitikisa kichwa kidogo. Hakuna neno la uongo ndani yake, lakini kumtazama mtu anayeumizwa kwa hiari yake ukazungumzia mistari na mwanga pekee ni kama kuisifia khati ya barua bila kugusa habari za kifo zilizoandikwa ndani yake. Picha zile zilikusudiwa kumshtua mtazamaji. Mpigapicha mwenyewe alijua. Kuwaambia waamuzi kwamba ni maumbo tu ilikuwa njia ya kuwapitisha haraka penye mashaka.

Hata hivyo, mbinu hiyo ilifaa. Mnamo Oktoba 5, 1990, baada ya kushauriana kwa takriban saa mbili, waamuzi waliwaondolea washtakiwa mashtaka yote. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba hawakuzipenda picha hizo hata chembe. Ila sheria iliwataka wathibitishiwe kuwa hazina thamani ya kisanaa, na wataalamu wa sanaa waliofika mbele yao walisema thamani hiyo ipo. Upande wa mashtaka haukuleta mtaalamu hata mmoja wa sanaa wa kusema kinyume.

Huo ni uamuzi wa watu waungwana. Walitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: "sipendi" na "ni hatia". Sanaa si cheti cha usafi. Kitu chaweza kuwa sanaa na bado kikawa cha kutia kichefuchefu. Na chaweza kuwa cha staha kabisa, nguo hadi kifundoni, na kikawa hakina sanaa hata punje.

Kilichokosa kuulizwa

Lakini liko swali ambalo vipimo vitatu vya sheria havikuligusa: yule aliyepigwa picha aliridhia?

Kuhusu picha za X jibu halina utata. Waliopigwa walikuwa watu wazima, wengi wao wakifahamiana na mpigapicha, na walijua kamera ilipo. Kuhusu zile mbili za watoto jambo ni gumu zaidi. Mama zao ndio waliotoa idhini na waliwatetea mpigapicha na kituo, na waamuzi hawakuona hatia. Hata hivyo, mtoto hana idhini ya kutoa, na ya mzazi si yake. Sheria za nchi nyingi zimekazwa mno kuhusu watoto tangu wakati huo, na naona ni haki. Mnamo 1982, miaka minane kabla ya Cincinnati, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshaamua kwamba picha za ngono za watoto hazipati kinga hata kama hazifikii vipimo vya Miller, kwa sababu dhara lake ni kwa mtoto aliyepigwa wala si kwa jicho la mtazamaji tu. Hapo mahakama iligeuza uso wake kutoka kwa anayetazama ukamwelekea anayetazamwa. Laiti ingefanya hivyo mara nyingi zaidi.

Picha za wanaume weusi nazo zina kesi yake, ingawa haikufika mahakamani. Mnamo 1980 Mapplethorpe alimpiga picha mwanamume mweusi aliyevaa suti ya poliesta, zipu ikiwa wazi na uume nje, kichwa kikiwa kimekatwa na fremu. Hana uso. Hana jina. Nakala ya picha hiyo iliuzwa mnadani New York 2015 kwa dola 478,000.

Mhakiki Kobena Mercer wa Uingereza aliandika 1986 kwamba picha kama hizo zinamgeuza mtu mweusi kuwa kitu cha kutamaniwa na mzungu. Miaka michache baadaye, mpigapicha akiwa amefariki na Helms akiwa amechachamaa, Mercer aliirejelea hoja yake hadharani na kuilegeza. Alikiri kwamba hasira yake ilikuwa imechanganyika na mvuto, na kwamba huenda picha hizo zinawafichua watazamaji kuliko zinavyowadhalilisha waliomo. Naye msanii Mmarekani mweusi, Glenn Ligon, alichukua kurasa za kitabu cha Mapplethorpe cha wanaume weusi, akazitundika ukutani na kuweka katikati yake maoni ya watu mbalimbali: wahubiri, wanafikra, walevi wa baa. Kazi hiyo ya 1991 hadi 1993 haitoi hukumu. Inamwacha mtazamaji katikati ya kelele, na pengine ndipo mahali pake.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kwenda New York kulielewa jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar na Mombasa zilikuwa zikichapisha kadi za posta ambazo wageni walizinunua na kuzituma kwao Ulaya. Nyingi ni za majengo, jahazi na masoko. Lakini zimo za wanawake wa Kiafrika vifua wazi, na maelezo yaliyo chini hayamtaji mwanamke jina. Yanataja kabila lake, au uzuri wake, kama mtu anavyoandika aina ya samaki.

Tukumbuke zilikuwa nyakati gani. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar 1897, na katika pwani ya Kenya 1907. Kwa mwanamke aliyetoka utumwani, kujitanda kanga, na baadaye kuvaa buibui, kulikuwa tangazo la uhuru: kwamba sasa mwili wake ni wake na stara yake ni haki yake. Mwanamke huyo kuvuliwa mbele ya lenzi ili kadi iuzike kwa mabaharia ni tendo zito kuliko linavyoonekana katika albamu za wakusanyaji.

Kadi hizo zilisafiri bila kificho. Nchini Marekani, ambako tangu 1873 sheria ilikataza kutuma uchafu kwa posta, jarida la National Geographic lilianza kuchapisha picha za wanawake wa Kiafrika vifua wazi 1896, na likaendelea kwa miongo mingi likiingia katika nyumba za watu wenye heshima zao. Ni vigumu kuamini kwamba lingefanya hivyo kama wanawake wale wangekuwa wa Boston. Neno lililowakinga wachapishaji lilikuwa "sayansi", kama vile "sanaa" lilivyomkinga Barrie. Mnamo Aprili 2018, mhariri mkuu wa jarida hilo, Susan Goldberg, alikiri kwamba kwa miongo mingi habari zake zilikuwa za kibaguzi.

Kwa hivyo lebo peke yake haitoshi. Picha moja iliitwa sayansi, nyingine sanaa, nyingine uchafu, na katika zote hatujui mwanamke aliyesimama mbele ya kamera aliambiwa nini, alilipwa nini, au kama alikuwa na uwezo wa kukataa.

Wapo wapigapicha wa Afrika waliolianzia swali hilo. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ambaye huwapiga picha wanawake wanaopenda wanawake, hawaiti watu wake "vielelezo" bali "washiriki", na picha nyingi za uso zina jina la mhusika na mahali alipo. Kazi zake zilipoonyeshwa Johannesburg Agosti 2009, aliyekuwa Waziri wa Sanaa na Utamaduni, Lulu Xingwana, aliyealikwa kuyafungua maonyesho hayo, aliondoka bila kutoa hotuba. Baadaye alisema picha hizo, zikiwemo za wanawake uchi waliokumbatiana, ni kinyume cha maadili na cha ujenzi wa taifa. Nchi ambayo katiba yake inawalinda watu wale wale ilijikuta ikibishana kama sura yao inafaa kutundikwa. Waziri alikuwa na haki ya kuondoka. Lakini hao walikuwa watu wazima waliokubali kupigwa picha, majina yao yakijulikana, na kwa kipimo ninachokipigia debe hapa picha zao ni safi kuliko ile kadi ya posta.

Hapa kwetu

Sheria ya Kenya imeurithi mzigo wake kutoka Uingereza. Kifungu cha 181 cha Sheria ya Adhabu kinakataza kutengeneza, kumiliki kwa ajili ya biashara au kusambaza maandishi, michoro na picha chafu, na kitu kingine chochote chenye kuelekea kupotosha maadili. Maneno hayo yana harufu ya mahakama ya London ya 1868, ilipoamuliwa katika kesi ya Hicklin kwamba kitu ni kichafu kikiwa na mwelekeo wa kuwapotosha wale ambao akili zao ni nyepesi kupotoshwa. Wamarekani walikiacha kipimo hicho 1957. Ubovu wake ni dhahiri: humpima mtu mzima kwa kibaba cha mtoto.

Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 33, inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Mipaka inayotajwa papo hapo ni propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kueneza uhasama. Uchi haumo. Haina maana kwamba kila kitu ni ruhusa, kwa kuwa Kifungu cha 24 kinakubali haki ziwekewe mipaka na sheria. Lakini anayetaka kuuweka mpaka huo anapaswa kuonyesha kwamba una sababu, na si kukunja uso tu.

Kisha ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Kifungu chake cha 37 kiliweka faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, kwa anayesambaza picha ya faragha au chafu ya mtu mwingine. Nia yake ilikuwa njema, kwani kila mtu amesikia habari za msichana ambaye picha alizomtumia mpenziwe zilitapakaa simuni siku walipokosana. Ajabu ni kwamba kifungu hicho, kilivyopitishwa, hakikutaja neno ridhaa. Kwa maandishi yake, mwanamitindo mtu mzima aliyepigwa picha kwa mapatano na msichana aliyesalitiwa wamewekwa kapu moja.

Kapu hilo ndilo linaloniudhi. Picha ya msichana yule haina ubishi wa sanaa wala ponografia. Pengine ni picha ya kawaida tu, hata ya kupendeza, aliyojipiga chumbani kwake. Kosa halimo katika mwili wake bali katika kidole kilichoituma. Lakini simu zikishalia, watu humshika yeye: kwa nini alivua? Aliyesambaza hupita kando kama shahidi.

Lugha yetu nayo haitusaidii sana. Kiingereza kina maneno mawili, moja la aliye uchi kwa aibu, jingine la aliye uchi kisanaa, na mhakiki Kenneth Clark aliijengea tofauti hiyo kitabu kizima 1956. Mwenzake John Berger akaipindua 1972: alisema hilo la pili ndilo lenye hila, kwa sababu ni la mtu aliyepangwa ili atazamwe. Sisi tuna uchi na utupu, na yote mawili humwelemea mhusika. Ila tunalo neno ambalo hao wawili hawana, nalo ni stara. Stara si kitambaa. Mtu huweza kustiriwa akiwa hana nguo, na huweza kuvuliwa stara yake akiwa amejifunika gubigubi.

Alasiri ya Machi 3, 1992, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, akina mama wazee waliokuwa wamegoma kula wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe walivamiwa na polisi kwa virungu na gesi ya machozi. Wangari Maathai alipigwa akazirai. Baadhi ya mama hao wakavua nguo mbele ya askari. Hawakuwa wakijionyesha. Walikuwa wakilaani, kwa laana nzito kuliko zote ambazo mama anaweza kuitoa kwa aliye rika la mwanawe, na askari waliokuwa pale waliielewa.

Mhariri anayeletewa picha ya tukio kama hilo hawezi kusaidiwa na Miller wala Hicklin. Si sanaa, si ponografia. Ukiifunika kwa wino umeinyamazisha laana. Ukiichapisha kubwa ukurasa wa kwanza, mama wa watu ataning'inizwa kwenye vibanda vya magazeti siku nzima. Katika meza za wahariri mjadala wa namna hii huwa mkali usiku, saa ya kwenda mitamboni ikikaribia, na aghalabu huishia kwa mtu kuuliza kama mhusika aliiona kamera, na kama angetaka wajukuu wake waione picha hiyo. Si kipimo cha kisheria. Hakuna aliyekiandika popote.

Cincinnati walikuwa na meza iliyoinama, mlango wenye bawabu na kikomo cha umri. Picha nyingi zinazobishaniwa Kenya leo hazipitii mlango wowote. Hufika simuni zikiwa peke yake, bila zile 168 za kando, bila jina la aliyepiga, na mara nyingi bila mwenye sura kujua kwamba zimetoka.